Nyekundu iliyogoma kuondoka

Lamu, jioni, maji yamekupwa.

Skripti ya leo, yaani faili la amri za kompyuta, huchapa jedwali la maji ya bahari kujaa na kupwa, mstari mmoja kwa kila badiliko. Maji kujaa ni kijani. Maji kupwa ni nyekundu, maana wakati huo Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, hauna kina na boti ya Pate itangoja. Karibu kazi yote inafanywa na printf, amri ya kuchapa maandishi kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri.

Watu hudhani rangi ni pambo la neno. Sivyo. Rangi ni hali ya terminali: ukishaiweka inabaki mpaka uiondoe, hata skripti ikishakwisha zamani. Terminali hupokea herufi moja moja; ikikuta eskepu, herufi namba 27, na nyuma yake mabano ya mraba, huacha kuchapa ikasubiri agizo. Ni desturi iliyoenezwa na terminali ya VT100 ya mwaka 1978, na terminali za leo bado zinaifuata.

printf '\033[31mKupwa\033[0m\n'

Hiyo 033 ni 27 kwa hesabu ya nane. Namba 30 hadi 37 ni rangi za maandishi, 40 hadi 47 za mandharinyuma, m hufunga agizo, na 0 hurudisha maandishi kwenye hali yake ya kawaida. Isahau hiyo 0 uone: kidokezo (alama inayongoja amri yako) chekundu, orodha ya mafaili nyekundu, kila kitu chekundu. Buluu, 34, naikwepa kabisa. Juu ya weusi haisomeki hata ndani ya nyumba, sembuse barazani na jua la Lamu. 94, ndugu yake mng'avu, ina nafuu.

Kishale, alama ya mahali pa kuandika, nacho huamriwa vivyo hivyo. \033[5;12H hukipeleka mstari wa 5, safu ya 12. Mstari hutangulia, na aliyezoea hesabu za grafu atageuza tu. Kuhesabu huanza 1, lakini amri ya tput cup, inayofanya kazi hiyo hiyo, huanza 0, kwa hiyo mahali hapo hapo ni tput cup 4 11. Ukitaja mstari usiokuwepo hupati kosa: kishale hukwama ukingoni kimya kimya, nawe unabaki kujiuliza kwa nini mistari mitatu ya mwisho imeandikana.

Saa ya maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo namba hufutwa na kuandikwa upya palepale. Neno fupi likikaa juu ya refu, mkia wa lile la zamani hubaki: "Kujaa" juu ya "Maji mafu" inatoa "Kujaamafu". Dawa ni \033[K, inayofuta kuanzia kishale hadi mwisho wa mstari. Upana nao una mtego wake. Ukiweka msimbo wa rangi ndani ya neno linalopangwa na %-12s (nafasi 12, neno likianzia kushoto), printf huzihesabu herufi za msimbo kama maandishi, na safu zinapinda. Rangi ikae nje: \033[31m%-12s\033[0m.

Kidokezo cha bash, programu inayopokea amri zako, ndicho kinachosumbua wengi. Bash hujihesabia urefu wa kidokezo ili ijue mstari utakunjika wapi, na haijui kwamba msimbo wa rangi hauchukui nafasi. Amri ndefu hujirudia juu yake yenyewe, na ukipanda juu kutafuta amri za nyuma, mabaki hubaki. Ndani ya PS1, kigezo kinachobeba kidokezo, kila msimbo ufungwe kwa \[ na \]:

PS1='\[\033[32m\]\w\[\033[0m\] \$ '

Kishale hufichwa kwa \033[?25l na kurudishwa kwa \033[?25h. Mtu akikatiza skripti kwa Ctrl-C katikati, kinabaki kimefichwa. Basi amri ya kwanza ya skripti ya bash iwe hii, inayosafisha skripti inapofungwa:

trap 'printf "\033[0m\033[?25h"' EXIT

Kama umeshachelewa, andika reset kisha Enter, hata kama huoni unachoandika.

Limebaki la faili. Jedwali likielekezwa kwenye faili, misimbo huingia nayo. Jaribio la [ -t 1 ] huwa kweli pale tu pato linapoishia kwenye terminali. Likiwa si kweli, acha vitupu vigezo ulivyohifadhia misimbo ya rangi. Nahodha aliyetumiwa faili kwenye simu hana haja ya kusoma [31m kabla ya saa yake ya kupita Mkanda.