Povu

Asubuhi nimefungua birika la umeme, ukoko mweupe umeshika tena chini. Birika lenyewe halijamaliza miezi minne. Nikawa naukwangua kwa kijiko huku nikijicheka, maana kuna wakati niliapa kwamba kitu hikihiki ndicho kinachomtafuna mwanangu.

Tulikotoka, Ubungo, tulitumia maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu. Huku Kigamboni tunategemea kisima cha mwenye nyumba. Maji ya visima vya pwani yakipita kwenye mawe ya matumbawe huokota kalsiamu na magnesiamu njiani, ndiyo yanaitwa maji magumu, na ya kwetu ni hayohayo: unasugua mche wa sabuni mpaka mkono unachoka, povu hakuna, beseni linabaki na utando wa kijivu.

Mwezi wa pili tangu tuhamie, pumu ya ngozi ya mwanangu, yaani ukurutu, ikalipuka. Mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, usiku kucha anajikuna mpaka shuka lina madoa ya damu. Mama mkwe akaniambia, "Chemsha maji, mwanangu." Nilimwona wa kizamani, kumbe ana hoja: yakichemka, sehemu ya chokaa hutuama. Mimi nilitaka mashine ya kulainisha maji, ile inayoondoa hayo madini, bei yake kodi ya miezi mitatu. Baba watoto akasema tusome kwanza.

Tukasoma. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliotoka 1998, uliona watoto wa shule za msingi wanaoishi kwenye maji magumu wana ukurutu zaidi. Nikasema, si nilisema! Lakini mwaka 2011 yakatoka majibu ya jaribio jingine hukohuko: watoto 336 wenye ukurutu, nusu wakafungiwa mashine nyumbani kwa wiki 12. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti ya maana haikuonekana. Niliudhika kama mtu aliyenyang'anywa mchawi wake.

Kilichonizindua ni utafiti wa Sheffield wa 2018. Ngozi ikioshwa kwa maji magumu, mabaki ya kemikali za sabuni zinazotoa povu hung'ang'ania zaidi, nayo huiwasha na kuilegeza. Hapo nikakumbuka mikono yangu mwenyewe. Kwa kuwa povu halikutoka, nilizidisha sabuni. Tena ile ya dawa, yenye harufu kali, asubuhi na jioni, na dodoki juu. Mama mwenye bidii!

Sasa anaoga mara moja, haraka, sabuni ni kwapani na sehemu za siri tu. Ngozi ikiwa bado na unyevu, nampaka Vaseline nzito. Ile tyubu ya dawa ya kupaka aliyotupa daktari pia nimeitoa kwenye droo. Niliificha kwa sababu jirani alisema ina steroidi, itamchubua kama mkorogo. Daktari alishanieleza: kiasi kidogo, siku chache, palipowaka tu. Nilimsikiliza jirani.

Viwiko vimetulia. Magoti bado yana siku zake, hasa joto likizidi. Mashine hatukununua, na maji ya kisima bado siyapendi.

Jana mvua ilinyesha, nikakinga ndoo mbili. Sabuni ilipogusa tu maji, povu likafurika beseni. Mtoto akapiga kelele za furaha, "Mama, ongeza!" Nikaichukua sabuni nikaiweka juu ya kabati.