Kuonja waini ya mapovu ya hapa nyumbani: baridi kwanza, hukumu baadaye

Chupa ya waini yenye mapovu iliyotengenezwa hapa nchini mara nyingi huhukumiwa kabla haijaonjwa. Inatoka kwenye buti la gari ikiwa vuguvugu, inafunguliwa kwa kishindo, robo yake inaishia sakafuni, kisha waliopo wanakubaliana kwamba waini ya Kenya haifai. Kosa hapo ni la joto, na linarekebishika.

Kaboni dioksaidi, gesi inayotengeneza mapovu, hutulia ndani ya kinywaji baridi na hutoroka kikipata joto. Waini iliyochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake huwa na mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari dogo. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inasukuma kwa asilimia 82 hivi ya inavyosukuma Mombasa. Ndiyo maana wengi hulaumu mwinuko kila chupa inapofoka. Mwinuko unachangia, lakini kidogo sana ukiulinganisha na chupa yenye nyuzi 20 au iliyotikiswa njia nzima kutoka Naivasha. Chupa iliyosafiri isimamishwe wima siku nzima kabla ya kuguswa.

Kuipoza: muda wa saa 4 ndani ya friji, kwenye rafu ya chini, si mlangoni ambako inatikisika kila mtu anapochukua maziwa. Ukiwa na haraka, chukua ndoo, jaza barafu na maji nusu kwa nusu, tia konzi mbili za chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni kwa dakika 25. Barafu tupu haipozi upesi kwa sababu inaacha nafasi za hewa. Maji ndiyo yanayogusa kioo chote. Friza iache. Waini ya kileo cha asilimia 12 huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, inapanuka, na chupa iliyosahaulika humo inaweza kupasuka. Unalenga nyuzi 8 hadi 10. Ikitoka kwenye friji ya kawaida, ngoja dakika kumi.

Ukiwa bado dukani, angalia stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na uisome kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Kisha soma lebo yenyewe. Neno "carbonated" lina maana kwamba gesi imepulizwa ndani kama ya soda: mapovu yatakuwa makubwa na yataisha mapema. Si dhambi, mradi bei ilingane. Maneno ya utamu nayo huwapotosha wengi. Kwa vipimo vya Ulaya, vinavyofuatwa pia na watengenezaji wengi wa kwingineko, "brut" ina sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, lakini "extra dry" ina 12 hadi 17, yaani ni tamu zaidi ingawa jina linaahidi ukavu. "Demi-sec" ni 32 hadi 50.

Kufungua sasa. Kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu unapoanza kulegeza waya, na kisiondoke. Waya huhitaji nusu-mizunguko sita. Ulegeze bila kuutoa. Inamisha chupa nyuzi 45, elekeza mdomo wake mbali na nyuso za watu na taa, shika kizibo imara, halafu zungusha chupa kwa kuishika kitako. Kizibo kikianza kusukuma, kizuie. Sauti unayoitaka ni ya mtu anayeshusha pumzi. Kishindo ni gesi uliyoilipia ikienda zake.

Glasi ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Mabaki ya sabuni ya vyombo huua povu papo hapo, na mafuta ya midomo au ya sambusa hufanya vivyo hivyo. Suuza kwa maji moto pekee, kausha kwa kitambaa. Viputo huanzia kwenye vinyuzi vidogo vya kitambaa vilivyonasa hewa, kwa hiyo glasi safi kupindukia inaweza kuonekana kama imetiwa waini iliyokufa. Usiipime waini kwa wingi wa viputo unavyoviona. Glasi ya kawaida ya waini nyeupe, iliyojikunja kidogo juu, ni bora kuliko ile nyembamba ndefu, kwa kuwa pua inapata nafasi. Mimina kidogo, mililita 60, ukiwa umeiinamisha.

Nusa kabla ya kunywa. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa ni kizibo kilichoharibika. Harufu ya kabichi iliyochemshwa mno hutokana na mwanga, hasa kwa chupa za kioo kisicho na rangi zilizokaa chini ya taa za rafu. Tofaa lililochubuka linaonyesha hewa imeingia.

Halafu kuna jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye: acha robo glasi mezani kwa saa nzima mpaka mapovu yaishe na baridi itoke, kisha onja. Baridi huficha utamu, na mapovu huchangamsha hata waini isiyo na uchachu (ukali kama wa limau) wake yenyewe. Kilichobaki ndicho mkulima alichovuna. Kwa waini ya nyanda zetu hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ziwa Naivasha liko mita 1,884 juu ya bahari, na usiku wa baridi husaidia zabibu kutunza uchachu, sifa ambayo waini ya mapovu huihitaji kuliko nyingine zote. Upande wa pili, karibu na ikweta mzabibu haupati kipupwe cha kuulaza. Mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa kupogoa, na zabibu zikichumwa zimechelewa, waini inalegea. Ikiwa robo glasi yako bado inakufanya utokwe na mate, umenunua kitu kizuri.

Kulinganisha kwa haki, funga chupa mbili kwa gazeti, moja ya hapa na nyingine ya Afrika Kusini ya bei inayokaribiana, na mwingine amimine. Chakula kije baada ya raundi ya kwanza. Bhajia za viazi na bisi zenye chumvi hupendeza na waini kavu, maana uchachu hukata mafuta. Pilipili nyingi inahitaji ile tamu, la sivyo kileo kinazidisha moto mdomoni.

Ikibaki, wapo wanaotia kijiko kwenye mdomo wa chupa wakidai kinatunza mapovu. Hakihifadhi chochote. Nunua kizibo cha chuma chenye mabawa, rudisha chupa kwenye friji, maliza kesho yake. Iliyoishiwa mapovu kabisa, tia nusu kikombe juu ya kitunguu kilichokaangika, iache ikauke, ndipo uweke nyanya na kuku.