Kuvizia Matanga Ziwani

Tulifika ziwani asubuhi na mapema, mimi na mwenzangu aliyekuwa anaendesha. Yeye alikataa katakata kushuka, na wala simlaumu. Nilipofungua mlango wa gari, upepo uliunyakua nusura uung'oe. Ziwa lilikuwa kijivu tupu, mawimbi yenye vilemba vyeupe yakikimbizana sambamba na ufuko. Siku ambayo watu wengine hujikunyata kwenye blanketi, wapanda ubao wa tanga, niliokuja kuwapiga picha, ndiyo wanayoiombea.

Walikuwa watano, wamevaa suti za mpira mzito hadi kifundoni, wakiingia na kutoka ziwani kasi ajabu. Nikajipanga joshini, upande upepo unakotoka, upepo mgongoni, lenzi kavu. Nilijiona mjanja. Nikapiga picha kama mia mbili hivi, kisha nikajibanza nyuma ya gari kuzitazama: migongo mitupu! Mpanda ubao hukaa upande upepo unakotoka, akijitupa nyuma ili uzito wake ushindane na tanga. Ukisimama joshini, utapata visogo hadi jioni.

Basi nikahamia demani, upande upepo unakoelekea, kwenye ncha ya mawe iliyoingia majini, karibu na mahali walipogeukia. Hapo sura zilionekana, kwa kuwa matanga yao yalikuwa ya plastiki angavu, unaona hadi ng'ambo. Lakini sasa upepo ulinipiga usoni, na kila rasharasha ikatua kwenye kioo cha lenzi. Nikawa nafuta, napiga, nafuta. Stendi ya miguu mitatu ilitetemeka hata nilipoining'inizia begi, nikaikunja na kuchuchumaa, viwiko magotini. Fokasi nayo ilikuwa ikiruka kutoka kwa mtu na kushika povu la wimbi, mpaka nilipoibana kwenye nukta moja ya katikati.

Kwa kasi ya shata, yaani kioo kufunguka kwa sekunde 1/2000 tu, matone yaliganda hewani kama shanga. Picha safi, ila upepo haumo, ungedhani wamesimama. Nikashusha hadi 1/60 na kumfuata mmoja kwa kuzungusha kiuno. Nyingi ziliharibika. Katika moja tu uso ulitulia na maji yote nyuma yake yakawa michirizi, naye amekenua meno, sijui kwa raha au kwa baridi.

Betri iliyokuwa ikionyesha nusu ilizima ghafla. Baridi huzilegeza hivyo. Nikaitia mfuko wa ndani, kifuani, nikaweka nyingine. Baada ya muda ile ya kwanza ikafufuka ikanipa picha kadhaa zaidi. Vidole vyangu havikuwa na bahati hiyo. Glavu nilikuwa nimezikata ncha ili nihisi vitufe, na mwishowe sikuhisi kitufe wala kidole.

Niliporudi garini, kipasha joto kilikuwa kinanguruma na mwenzangu amesinzia. Akaamka, akanyoosha mkono.

"Lete nione."

Nikamkatalia. Kamera iliyopoa namna ile ukiitoa begini penye joto hutokwa jasho, maji yakajikusanya hata ndani ya lenzi. Ilibidi ibaki kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole.

"Yaani nimekungoja saa tatu, halafu ningoje na begi?"

Nikamwambia awashe gari twende.