Siku moja maishani mwangu: viunganishi vipya kwa kichwa cha treni ya milimita 9

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshasafisha reli ya majaribio kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla sijagusa kitu kingine mezani, kwa sababu reli chafu humfanya fundi aitilie shaka injini isiyo na kosa lolote.

Ninaishi Exeter, katika jimbo la Devon nchini Uingereza, na riziki yangu ninaipata kwa kutengeneza treni za mfano. Wateja wangu wengi ni wapenzi wa reli nyembamba kwa kipimo cha 1:76, ambapo milimita 4 zinasimama badala ya futi moja na treni inapita juu ya reli yenye upana wa milimita 9. Wenyewe wanakiita kipimo hicho 009. Ukipiga hesabu, milimita 9 zinakuwa futi 2 na inchi 3, yaani milimita 686, ambao ndio upana halisi wa reli ya Talyllyn kule Wales, lakini kwa mazoea reli hiyohiyo ya mfano hutumika hata kwa njia zilizokuwa nyembamba zaidi. Mimi nimekulia Tanga, kwenye reli ya mita moja ambayo leo tunaiita nyembamba tukiilinganisha na SGR ya milimita 1,435. Njia ya Lynton & Barnstaple, iliyofanya kazi hapa Devon kuanzia mwaka 1898 hadi 1935, ilikuwa na upana wa milimita 597 tu.

Kazi ya leo inatoka katika njia hiyo. Ni kichwa cha treni cha mvuke cha aina ya Manning Wardle, chenye magurudumu mawili madogo mbele, sita ya kuendesha, na mawili madogo nyuma. Njia ile ilianza na vitatu vya aina hii, vikapewa majina ya mito: Yeo, Exe na Taw. Mfano ulio mezani pangu umeundwa kwa vipande vya metali nyeupe juu ya chesisi ya treni ndogo ya kiwandani, na mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, anataka viunganishi vya ndoano na kitanzi viondolewe, badala yake viwekwe vya taya vinavyofunguliwa kwa sumaku iliyofichwa katikati ya reli. Anataka kuyaacha mabehewa stesheni bila kuingiza mkono wake katika mandhari aliyoijenga kwa miaka mingi. Ninamwelewa kabisa. Wapo watakaosema kwamba taya za Kimarekani hazikuwahi kuonekana katika njia ile, na ni kweli, lakini vichwa halisi vilikuwa na kiunganishi kimoja cha katikati kilichofanya pia kazi ya bafa (kipande kinachopokea msukumo magari yanapogusana), kwa hiyo taya moja iliyokaa katikati haiudhi macho kama ambavyo ingeudhi kwenye treni yenye bafa mbili.

Saa mbili na nusu nilianza kupima. Huwa nawaomba wateja walete kichwa cha treni pamoja na angalau mabehewa mawili ambayo kitayavuta, na mtu akileta kichwa peke yake ninamrudisha kwa upole akachukue mabehewa, kwa kuwa kiunganishi kimoja hakina urefu sahihi wala usio sahihi mpaka kikutane na mwenzake. Kimo kinapimwa kutoka juu ya reli, si kutoka kwenye bodi ya kichwa, maana bodi huwa imepinda au imekaa juu zaidi upande mmoja. Mabehewa ya mzee tayari yalikuwa na taya, na la kwanza lilisoma milimita 5.5 hadi katikati ya taya. La pili lilisoma 5.2. Tofauti ya milimita 0.3 inaonekana kama si kitu, lakini taya hizi ni ndogo kiasi kwamba kwenye kiungo cha reli kilichonyanyuka kidogo moja inapanda juu ya nyingine na treni inakatika. Nililirekebisha behewa la pili kwanza, kwa kupachika vipande vyembamba vya plastiki kati ya sakafu na bogi, yaani kigari kidogo cha magurudumu kinachogeuka chini ya behewa.

Kijana wa dada yangu, ambaye siku hizi ananisaidia, alikuwa akinitazama. Akauliza, "Mjomba, kwa nini tusivigundishe vipya palepale vilipokuwa vya zamani?"

Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ndilo lililokula asubuhi yote. Viunganishi vya zamani vilikuwa vimegundishwa kwenye bogi ndogo za mbele na nyuma. Faida yake ni kwamba bogi hufuata kona, hivyo kiunganishi nacho kinabaki karibu na katikati ya reli. Hasara yake huonekana kichwa kinaposukuma mabehewa kurudi nyuma: nguvu yote inapita katika bogi ambayo haina uzito wowote juu yake, nayo hutoka relini. Mzee alikuwa amelalamika kuhusu jambo hilo hilo katika barua yake, akidhani kwamba magurudumu yamepinda. Magurudumu yalikuwa salama.

Basi nguvu inapaswa kubebwa na chesisi yenyewe. Lakini kona kali kabisa ya mzee ina nusu kipenyo cha milimita 228, na hapo hesabu inakuwa kali pia. Kutoka katikati ya kichwa hadi ncha ya taya ni milimita 47, na kutoka katikati hadi ekseli ya mwisho ya kuendesha ni milimita 13. Zidisha kila moja kwa yenyewe, toa ndogo katika kubwa, kisha gawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo: unapata karibu milimita 4.5. Hicho ndicho kiasi ambacho pua ya kichwa inatoka nje ya mstari wa katikati kwenye kona, yaani nusu nzima ya upana wa reli, ilhali behewa fupi la magurudumu manne halitoki hata milimita moja. Taya iliyofungwa moja kwa moja kwenye bodi ingelivuta behewa hilo kando mpaka lianguke. Nilimchorea kijana mchoro kwenye karatasi, akaikata kadibodi kwa vipimo vile na kuizungusha juu ya reli, na alipoona ncha ikitoka nje akanyamaza, akaanza kupima mwenyewe.

Suluhisho nililochagua ni mkono mwembamba unaojizungusha. Unafungwa kwa skrubu moja chini ya chesisi, milimita 22 kutoka katikati, unapita juu ya ekseli ya bogi ndogo kati ya magurudumu yake mawili, na unabeba kisanduku cha taya chini ya boriti ya mbele. Kwa kuwa mkono una urefu wa milimita 25, kuzunguka kwa nyuzi 9 hivi kila upande kunatosha. Ukingo wa chini wa boriti uko milimita 7.2 juu ya reli, kwa hiyo kisanduku kinapita chini yake na hakuna sehemu ya bodi inayokatwa. Jambo hili lilinipa faraja kubwa, maana metali nyeupe ikishakatwa hairudi, na ni laini kiasi kwamba tupa moja isiyo na uangalifu huharibu kazi ya mtu.

Saa nne na nusu nilitoboa tundu kwa kekee ya mkono yenye kipenyo cha milimita 1, nikakata hesi kwa ajili ya skrubu ya milimita 1.2. Sitoboi kwa mashine katika chesisi za namna hii. Baadhi yake zimeundwa kwa vipande viwili vya metali vinavyobeba umeme wa pande mbili tofauti, na skrubu ikivigusa vyote viwili injini haitakwenda, kwa hiyo nilihakikisha kwa mita ya umeme kwamba tundu limekaa katika kipande kimoja tu.

Taya zenyewe zilitoka Micro-Trains. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1990 pale Kadee, iliyoanzishwa Marekani na ndugu pacha Keith na Dale Edwards, ilipogawanywa. Ndani ya kila kisanduku kuna springi isiyozidi punje ya ufuta, nayo huruka. Kwa sababu hiyo ninaunganisha vipande nikiwa nimeingiza mikono ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na springi ikiruka inabaki humo. Mafuta siweki, kwa kuwa hukusanya vumbi. Ninaweka unga wa grafaiti pekee.

Saa saba tulikula wali na maharage, tukarudi.

Jaribio la kwanza, saa nane kasorobo, halikufaulu. Kwenye njia iliyonyooka kichwa kilikwenda vizuri, lakini kilipoingia konani kilisimama ghafla na taa ya kifaa cha umeme ikawaka nyekundu. Kosa lilikuwa langu. Mkono nilikuwa nimeutengeneza kwa shaba, na bogi ilipogeuka, migongo ya magurudumu yake iliugusa pande zote mbili, umeme wa kushoto ukakutana na wa kulia. Nilipaswa kuliona hilo nilipokuwa nikichora. Nilikata mkono mwingine kutoka katika kipande cha ubao wa saketi wa nyuzi za kioo, unene milimita 0.8, nikaibandua shaba yake yote, na saa tisa na robo kichwa kilizunguka mara ishirini mbele na mara ishirini nyuma kikisukuma mabehewa bila bogi kutoka relini.

Ikabaki sumaku. Taya zilifunguka kama inavyotakiwa, pini zake zikivutwa moja kushoto na nyingine kulia, lakini behewa la pili likajivuta lenyewe kurudi juu ya sumaku kila lilipoachwa. Ekseli zake ni za chuma, na behewa jepesi la reli nyembamba halina uzito wa kushindana na sumaku. Nilibadilisha ekseli mbili kwa za shaba, likatulia. Kuna pia ule mtikisiko unaosababishwa na springi za taya, ambapo behewa la mwisho huenda mbele na nyuma wakati treni ikitembea polepole. Niliupunguza kwa kuweka waya mwembamba unaogusa ekseli moja ya behewa la nyuma kama breki ndogo.

Saa kumi na moja jioni nilimpigia mzee simu. Aliuliza kama viunganishi vya zamani bado vipo. Nilimjibu kwamba vyote viwili vimo katika bahasha, pamoja na kadi yenye vipimo vyote: kimo milimita 5.5, mkono milimita 25, skrubu milimita 1.2. Akaniomba nimwongezee mkono mmoja wa akiba kwa kichwa chake cha pili. Kijana alikuwa ameshaushika ubao na tupa kabla sijaikata simu.