Duka Lililotegemea Kengele ya Shule

Machi 2020, shule zote za Uganda zilipoamriwa kufungwa, stoo yangu hapa Busia ilikuwa imejaa majora ya kitambaa cha sare na katoni za madaftari zilizofika hadi darini, kwa kuwa nilikuwa nimetumia karibu mtaji wote kujiandaa kwa muhula wa pili. Niliamini, kama walivyoamini wengi, kwamba wanafunzi wangerudi baada ya wiki chache. Madarasa ya watahiniwa yalirudi Oktoba mwaka ule, mengine yakaanza kurudi kwa awamu mwaka uliofuata, kisha Juni 2021 shule zikafungwa tena, na milango haikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022.

Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii kama mkosi. Siku hizi naisimulia kama upungufu wa mipango, na ndiyo sababu ninawaandikia wenzangu wenye maduka na karakana ndogo. Ugonjwa haukuletwa na mimi, lakini kuliweka duka zima mgongoni mwa mteja wa aina moja ulikuwa uamuzi wangu, tena uamuzi nilioufanya bila kujua kwamba ninauamua. Siku zile za kukaa nyumbani nilifungua madaftari ya mauzo ya mwaka 2019, nikahesabu ukurasa kwa ukurasa, nikakuta kwamba katika kila shilingi 10 zilizoingia, 8 zilitoka shuleni, na zaidi ya nusu ya hizo zilitoka katika shule tatu tu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa bila kuijua hesabu hiyo. Neno mkakati, ambalo nilidhani ni la makampuni makubwa ya Kampala, lilianza kuwa na maana kwangu jioni ile.

Swali nililojiuliza kwanza, na ambalo ningemshauri kila mfanyabiashara aanze nalo kabla ya kuandika malengo yoyote, ni hili: mteja wangu mkubwa akiondoka kesho, nitadumu miezi mingapi? Nilijumlisha kodi ya pango, mishahara ya mafundi wawili wa cherehani, mlinzi, umeme na rejesho la mkopo wa SACCO, kisha nikalinganisha jumla hiyo na fedha taslimu nilizokuwa nazo. Jibu halikufika miezi miwili. Bidhaa zilizokuwa stoo sikuzihesabu, na nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu hujifariji kwa kutazama rafu zilizojaa. Sweta iliyokwisha kushonwa nembo ya shule fulani haiwezi kuuzwa kwa mzazi wa shule nyingine. Shule ikifungwa, au ikibadilisha mshonaji, sweta hiyo ni hasara iliyokunjwa vizuri. Tangu wakati huo, nembo hushonwa mwisho kabisa, baada ya shule kulipa sehemu ya fedha, na vitambaa hukaa katika rangi zinazotumiwa na shule nyingi.

Baada ya hapo niliandika kalenda, na hii ndiyo sehemu ya mpango wangu iliyonifaa kuliko zote. Sisi tulio mpakani tuna bahati ambayo sikuwa nimeitumia: wanafunzi wa Kenya huanza mwaka wa masomo Januari, na wa Uganda huanza mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo karatasi, kalamu na soksi zilezile zinaweza kuuzwa mara mbili kwa misimu inayofuatana. Mvua za Machi hadi Mei huleta mavuno katikati ya mwaka, na hapo ndipo mkulima anapokuwa na fedha ya kumshonea mkewe gomesi, vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda. Tarehe 1 Julai huanza mwaka mpya wa fedha wa serikali, na mabadiliko ya kodi huja nao. Chaguzi nazo nimeziandika, za nchi zote mbili, kwa sababu hutangazwa mapema na bado hutukuta hatujajiandaa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, barabara ya kutoka Mombasa ilipozuiwa na ghasia, mafuta ya petroli yaliadimika huku kwetu. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, nikashindwa kuwasiliana na muuzaji wangu wa jumla wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, ambaye tulizoea kuagizana kwa WhatsApp. Sasa mwezi wowote wa uchaguzi huukuta mzigo wangu umekwisha kufika na namba za simu za watu muhimu zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi.

Kugawanya mapato kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa na ushauri. Kaka yangu mkubwa aliniambia, "Mdogo wangu, uza simu, vijana wote wanauza simu." Nilimheshimu, lakini sikumfuata, kwani simu sizijui na mtaa wetu tayari una maduka mengi ya simu. Nilichokuwa nacho ni vyerehani na mikono ya mafundi wangu, kwa hiyo nikatafuta wateja wengine wa kazi ileile: ovaroli za mafundi magari, makoti ya wahudumu wa zahanati, majoho ya kwaya.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi. Viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2020 vinamtofautisha aliye na kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa na asiye nazo. Kwa mauzo ya shilingi milioni 60 kwa mwaka, mwenye kumbukumbu hulipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kile kinachozidi milioni 50, yaani 240,000 kwa jumla, na asiye na kumbukumbu hulipa 400,000. Daftari lilelile lililonionyesha udhaifu wa biashara yangu linaniokolea fedha ambazo zingetosha kununua kitambaa.

Leo shule zinaniletea shilingi 5 katika kila 10, na akiba yangu inatosha miezi minne. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule moja kubwa alikuja kuniomba niwashonee wanafunzi wake wote kwa mkopo wa muhula mzima. Zamani ningekubali kabla hajamaliza kunywa chai. Nilimwomba anisubiri, nikafungua daftari, nikaona kwamba kazi hiyo ingeirudisha sehemu ya shule hadi 7 katika 10 na kumeza akiba yote. Nikamwambia, "Mheshimiwa Mwalimu, nitashona nusu, kwa malipo ya awali ya theluthi moja, na nusu iliyobaki nitakuelekeza kwa fundi mwenzangu wa upande wa soko, kazi yake naiamini." Alisema atalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya shule. Jibu bado halijarudi, na kitambaa chake sijakiagiza.