Kumfuata Hermes: Athens, Mlima Kyllini, Olympia na Pharai

Tulianzia Athens, na hatukwenda Akropolis kwanza. Tuliingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambamo mna chombo kikubwa cha marumaru cha kaburi la mwanamke aitwaye Myrrhine, kilichochongwa kati ya 430 na 420 KK na kufukuliwa eneo la uwanja wa Syntagma. Hermes, mungu wa Wagiriki wa kale na mjumbe wa miungu, amemshika mkono, anampeleka kuzimu, na jamaa zake wanabaki upande wa walio hai.

Hapo ndipo kazi yake inapoeleweka. Wengi humjua kwa kofia na viatu vya mabawa, wakamdhania tarishi mwenye mbio tu. Katika Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troya, maneno ya Zeus, mkuu wa miungu, hupelekwa zaidi na mungu wa kike Iris. Hermes huitwa penye mpaka usiopitika: ndiye aliyempitisha mzee Priam, mfalme wa Troya, usiku hadi katikati ya kambi ya adui, akakomboe maiti ya mwanawe. Katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, anavuka bahari hadi kwa Kalypso, nimfu (mungu mdogo wa kike), na kuna utaratibu: anakaribishwa kitini, anaandaliwa ambrosia na nekta, chakula na kinywaji cha miungu, anakula akashiba, ndipo anasema alichotumwa.

Fimbo yake, kerykeion, ndiyo waliyobeba wajumbe wa kibinadamu vitani. Mjumbe hauawi, na Wagiriki walilishika hilo sana. Wasparta walipowatupa kisimani wajumbe wa mfalme Dario wa Uajemi, mwanahistoria Herodotus anasema kafara zao zilikosa dalili njema kwa muda mrefu, mpaka wakawatuma watu wawili kwa Xerxes, mwana wa Dario aliyemrithi, wauawe kama fidia. Xerxes akakataa kuwaua.

Katikati ya mji wa kale tulipita palipokuwa na nguzo nyingi za Hermes: za mraba, kichwa chenye ndevu juu, uume mbele, zikisimikwa milangoni na njia panda. Mwaka 415 KK watu waliamka wakazikuta zimevunjwa nyuso, muda mfupi kabla ya merikebu za Athens kung'oa nanga kwenda vitani Sicilia. Mji ulitaharuki, na si ajabu: mlinzi wa wasafiri keshapigwa, nani asafiri kwa amani?

Kutoka Athens panda treni ya kitongoji hadi Kiato, kisha tafuta gari kuelekea Xylokastro na milimani. Hapa ndipo wageni hupotea. Ukiandika "Kyllini" kwenye ramani ya simu unaweza kupelekwa bandari ya Kyllini, upande wa magharibi kabisa, zinakotoka meli za Zakynthos. Ukiandika "Trikala" utapelekwa mji wa Thessalia, kaskazini ya mbali. Unachotaka ni Trikala ya Korinthia, chini ya mlima ambao wenyeji wanauita Ziria. Kilele kinapita mita 2,300; pango linaloitwa la Hermes liko kwenye mita 1,600 hivi. Beba tochi yako na viatu vyenye meno, kwani ndani ni giza na sakafu ina tope. Majira ya baridi theluji hufunga njia.

Utenzi wa kale wa Hermes unasema mama yake, Maia, alimzaa katika pango la mlima huu alfajiri. Adhuhuri alikuwa amemuua kobe, akatandika ngozi ya ng'ombe kwenye gamba, akafunga nyuzi saba za utumbo wa kondoo: kinubi kimekamilika. Jioni akaiba ng'ombe 50 wa mungu Apollo, akawaendesha kinyumenyume ili nyayo zidanganye, naye akavaa makubazi ya matawi yaliyosukwa. Mwizi wa namna hiyo ndiye Zeus aliyemwona anafaa kutumwa, nasi hatuoni chaguo bora.

Olympia hatukukaa sana. Sanamu ya Hermes na mtoto Dioniso, mungu wa mvinyo, inayohusishwa na mchongaji Praxiteles, ilipatikana 1877 ndani ya hekalu la Hera, mke wa Zeus. Kuta za matofali mabichi ziliporomoka zikaifunika na kuihifadhi. Ina urefu wa mita 2.1 hivi, mkono wa kulia haupo. Ukiweza, zunguka nyuma: alama za patasi zimeachwa wazi. Hermes anampeleka mtoto, ambaye Zeus alimzaa nje ya ndoa, kwa nimfu afichwe Hera asimwone, kisha sanamu ikawekwa nyumbani kwa Hera mwenyewe!

Pharai, bara kusini ya Patras, hakuna la kupiga picha, ila msafiri Pausanias aliyepita katika karne ya 2 BK ameacha maelekezo kamili ya jinsi watu walivyomuuliza Hermes swali. Sokoni palikuwa na sanamu ya Hermes mwenye ndevu, mbele yake meko yenye taa za shaba zilizogandishwa kwa risasi. Muulizaji alikwenda jioni, akafukiza ubani, akajaza taa mafuta na kuziwasha, akaweka sarafu ya mji ule juu ya madhabahu, kulia kwa sanamu. Kisha akamnong'oneza mungu swali sikioni, akaziba masikio yake kwa mikono na kutoka sokoni. Nje alizibua masikio, na neno la kwanza alilolisikia kwa yeyote, awe mchuuzi au mtoto, ndilo jibu.