Nyuma ilikuwa inanitoka kwenye kona, kumbe ni tou

Karibu mwaka mzima nimelaumu shokapu bure, kumbe kosa ni tou, yaani tairi kuangalia ndani au nje badala ya mbele moja kwa moja. Gari yangu ni Toyota 86, nyepesi, injini iko mbele na tairi za nyuma ndo zinasukuma, stelingi yake tamu sana, ila ukiwa katikati ya kona ndefu ukaachia mafuta kidogo tu nyuma inajitupa bila taarifa. Kukiwa na mvua ndo usiseme. Nikanunua matairi mapya manne, ikatulia wiki kadhaa afu ikarudia mchezo uleule.

Siku moja naosha rimu nikapitisha kiganja kwenye kashata za tairi la nyuma. Kutoka ndani kuja nje, laini kabisa, kurudisha mkono kutoka nje kwenda ndani zinakwaruza kama meno ya msumeno, na ukingo wa ndani umeshalika kuliko wa nje, tairi ambalo halina hata miezi mitano! Nikapeleka kwa fundi mwenye mashine inayopima magurudumu yote manne, tukakuta kila tairi la nyuma limeangalia nje digrii 0.2. Pale nilipofanyia alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu) mwanzo walirekebisha mbele tu, nyuma hawakugusa wala kupima, na hilo bado linaniuma kwa sababu kwenye hii gari tou ya nyuma inarekebishika kabisa.

Digrii 0.2 ni kitu ambacho kwa macho hukioni. Ila piga hesabu: tairi lililopinda hivo likilazimishwa kwenda mbele, kila kilomita moja ni kama limeburuzwa pembeni mita 3 na nusu. Ndo maana tou inakula matairi haraka kuliko kemba, yaani tairi kuegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Halafu fikiria kwenye kona, uzito mwingi unahamia upande wa nje, kwa hiyo tairi la nyuma la nje ndo limebeba kazi, na hilo hilo linaelekea nje ya kona, yaani ni kama kuna mtu anapiga stelingi ya nyuma kukupeleka usikotaka. Ukilielekeza ndani kidogo, nyuma inafuata mbele kwa utulivu. Mbele ni habari nyingine, tou ya nje kidogo inafanya gari iingie kona haraka ila barabara iliyonyooka inahangaika hangaika, mimi mbele nimeweka sifuri.

Kemba sasa, hapa watu wanafanya fujo sana. 86 mbele ina strati za MacPherson (shokapu na springi kwenye nguzo moja inayoshika gurudumu), na bodi ikilala kwenye kona tairi la nje linalala nalo, linabaki limesimamia bega la nje tu. Ukiliegemeza ndani kidogo tangu mwanzo, kwenye kona linakaa flati na kushika vizuri. Kidogo lakini! Ukizidisha, breki inapungua nguvu ukiwa umenyooka kwa sababu tairi linagusa chini kwa ukingo wa ndani. Na ukishusha springi kemba na tou vyote vinahama, kwa hiyo alaimenti ni lazima upya, hakuna mjadala.

Ila hayo yote yanapitia kwenye tairi. Kila tairi linagusa lami eneo la kama kiganja cha mkono, basi, viganja vinne ndo vinashika gari nzima. Toyota walipoitoa 86 mwaka 2012 waliivalisha Michelin Primacy HP za saizi 215/45 R17, tairi la starehe wala sio la mashindano, na walifanya makusudi ili gari ianze kuteleza taratibu dereva ajifunze kuisikia. Mimi naona walikuwa sahihi. Tairi lenye mpira laini na ukuta mgumu linashika zaidi na stelingi inajibu papo hapo, ila likiachia linaachia ghafla zaidi. Ukichanganya, mbele zuri nyuma kipara, unatafuta balaa mwenyewe.

Upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea, maana joto likipanda nyuzi 10 upepo nao unapanda psi (kipimo cha upepo) 1 hadi 2, ukipima umetoka kukimbiza utadanganyika. Na soma tarehe ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu hata kama kashata zimejaa.

Kabla ya alaimenti hakikisha bushi (zile raba za kwenye maungio ya miguu ya gari) ziko salama, bushi ikiwa imekufa vipimo vinabadilika ukishatoka tu getini. Muombe fundi karatasi ya kabla na baada, magurudumu yote manne. Mimi nilimuomba pia akae mtu kwenye siti ya dereva wakati wa kupima, maana sijawahi kuiendesha hii gari ikiwa tupu.

Nyuma tuliweka tou ya ndani digrii 0.1 kila upande, tukaiacha hivo. Jioni nikarudi kwenye ile kona, nikaachia mafuta katikati, pua ikaingia ndani kidogo na nyuma ikafuata, nikarudia mara tatu kuhakikisha. Kiganja bado nakipitisha kila nikiosha gari, mpaka leo ni laini kwenda na kurudi.